Ukitoka safari ndefu, usingoje kupewa jembe

Msomaji wangu, leo tuongee habari ya kurudi nyumbani. Kuondoka kila mtu anakujua. Mama anakuombea dua, washikaji wa kijiweni wanakuagiza viatu, na wewe mwenyewe kichwa kinavimba kama andazi la hamira. Lakini kurudi? Kurudi hakuna anayekufundisha. Unashuka na begi lako, unadhani yale uliyoyaacha yamekaa palepale yanakungoja... Thubutu!

Huko Marekani na Ulaya wenzetu wana magari ambayo ndani yake kuna kitanda, jiko, friji na choo. Mtu akistaafu anafunga nyumba yake, anawasha gari, anazunguka nchi miezi hata 6. Hapa Bongo gari za namna hiyo tunaziona kwa watalii wachache wanaokatiza kutoka Kenya kuelekea Kusini mwa Afrika. Lakini kabla hujasema sisi hatunazo, nenda Barabara ya Mandela jioni, au pita Kurasini karibu na bandari, uangalie malori yaliyopanga foleni. Kila kichwa cha lori unachokiona pale ni nyumba ya watu wawili, dereva na utingo wake. Wanalala humo, wanapika ubavuni mwake, wananuniana humo na kupatana humohumo, maana hakuna chumba cha pili cha kukimbilia.

Mimi nimeishi katika nyumba ya aina hiyo miezi 7. Cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa kimechoka kubishia hodi ofisi za watu, nikapata nafasi ya utingo, nikapanda. Kwenda tulibeba salfa ya migodi ya Kongo, kurudi tulibeba shaba. Dar mpaka Lubumbashi ni kama kilomita 2,000. Unapita Chalinze na Morogoro, unaingia Mikumi ambako kilomita kama 50 za lami zinakatiza katikati ya hifadhi, na ukimgonga mnyama faini yake inatajwa kwa dola. Kisha Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, mlima wa Kitonga ambao lori linaupanda kama kinyonga, Ilula kwenye nyanya, Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya, hadi Tunduma. Tangu 2019 Tunduma na Nakonde wana kituo cha pamoja cha mpakani, nchi mbili zinakagua mahali pamoja, lakini sisi safari moja tulilala foleni siku 4. Baada ya hapo ni Zambia: Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi inakoishia reli ya TAZARA, Ndola, Chingola, mpaka Kasumbalesa ndiyo uingie Kongo.

Mara 4 tulirudi Dar na mara zote nne gari lilipolala yadi, mlinzi wake ni nani? Ni mimi. Nyumbani kwetu Mbagala Charambe nilikuwa nakwenda kama polisi wa doria. Naoga, nakula, namwangalia mtoto aliyelala, naondoka. Kwa hiyo nilipoacha kazi na kurudi moja kwa moja, ndiyo kwanza nilikuwa narudi.

MWILI UNACHELEWA KUFIKA

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba mwili wa msafiri haushuki garini siku moja na mwenyewe. Mimi nilishuka Jumatano, mwili ukaja kushuka baada ya wiki 2 hivi.

Mbagala kwetu si mahali pa kimya. Kuna singeli, kuna mbwa, kuna mlevi anayeimba hadi saa 7 usiku. Lakini hakuna mngurumo wa injini, na mimi masikio yalikuwa yanausaka huo. Saa 8 usiku macho yanafunguka yenyewe, kwa sababu huko njiani saa hiyo ndiyo utingo anazunguka gari: anakagua kamba, anagusa turubai, anachungulia tangi la dizeli kama wajanja hawajaweka mpira. Usiku wa pili nilijikuta uani na tochi, nazunguka nyumba yetu yenye wapangaji 5, nagusa kuta. Mama wa chumba cha mwisho akafungua dirisha akauliza kwa sauti nyembamba, "Nani huyo?" Nikajibu, "Ni mimi, shemeji, nakagua." Akauliza, "Unakagua nini?" Hapo sikuwa na jibu, msomaji wangu. Asubuhi uani kote habari ilikuwa ni hiyo.

Maji nayo. Kwenye lori dumu la lita 20 lilitutosha watu wawili kwa siku mbili, kupika humo, kunawa humo. Nyumbani nikawa naoga kwa kata mbili natoka. Mke wangu ananiangalia, ananirudisha: "We baba, rudi ukaoge, bado unanuka hiyo salfa yako!" Chakula nilikuwa nakimaliza kabla wenzangu hawajanawa. Sebuleni kuna kochi la watu watatu, mimi nakaa ukingoni upande wa dirishani, mkono mmoja nje, kama vile tunashuka Kitonga.

Haya yote yanachekesha, na sisi tulicheka. Nayasema ili ukimwona ndugu yako karudi kutoka baharini, mgodini, au kwenye malori, naye anakaa ukingoni mwa kiti, usimwambie kabadilika au kapandisha mabega. Mpe siku. Bado yuko njiani anakuja.

"MAMA YUPO?"

Sasa tuje penye uzito wenyewe.

Wakati mimi nahesabu vibao vya barabarani, mke wangu alifungua genge mbele ya nyumba. Nyanya, vitunguu, bamia, nazi, dagaa kidogo. Anaamka saa 9 na nusu, saa 10 alfajiri anapanda bajaji na wenzake wawili kwenda soko la Temeke Stereo, saa 12 amerudi na mzigo. Mtoto analala kwa jirani. Mchana anauza, jioni anapika huku anauza, Alhamisi anakwenda kwenye mchezo wa akina mama. Kodi ya miezi 6 ililipwa kwa posho niliyotuma pamoja na pesa ya genge, na bila lile genge ingelipwa kwa maneno.

Kitanda kilikuwa kimehamishiwa ukuta mwingine. Ufunguo wa akiba haukai tena juu ya fremu ya mlango. Umeme nani ananunua wiki gani, hilo limo kwenye daftari ambalo sikuwa na habari nalo. Na siku ya tatu akaja mwenye nyumba. Amenikuta nimekaa mlangoni, mwanaume mzima nimevaa bukta. Akanisalimia vizuri tu, akauliza, "Mama yupo?" Nikamwambia, "Katoka, lakini mimi nipo." Akaniangalia, akatafakari kidogo, akasema, "Basi nitarudi."

Hilo la mwenye nyumba nililimeza. La binti yangu ndilo lilinikaa kooni. Nilimwacha ana miezi 10, nimemkuta anakimbia na maneno yake machache. Kila mwanaume anayeingia pale na mkono wa kheri alikuwa amefundishwa kumwita mjomba. Basi na mimi akaniita mjomba. "Mjomba, maji." Akina mama waliokuja kununua vitunguu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mke wangu alicheka kidogo kisha akaacha, akageuka kupanga nyanya ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Ukiyapeleka maneno kama haya kijiweni, watakwambia umedharauliwa. Watakwambia piga ngumi meza, wewe ndiye baba. Namjua dereva mmoja wa Tandika aliyefuata ushauri huo. Alirudi akadai hesabu ya kila senti, akarudisha kabati alipopataka, akabadili hata saa ya kula. Wiki haikuisha wako ofisi ya serikali ya mtaa, na mwezi haukuisha yuko barabarani tena, anawaambia watu kwamba wanawake wa Dar hawana shukrani.

Mimi sikuona dharau. Nimeishi kwenye lori. Utingo akiumwa malaria akaachwa hospitali ya Mpika, gari haliegeshwi mpaka apone. Dereva anafunga turubai mwenyewe, au anapata kijana mwingine, na safari inaendelea. Hakuna anayesema yule mgonjwa kadharauliwa. Mzigo una siku yake ya kufika. Nyumba nayo ina mzigo wake: mtoto ale, kodi ilipwe, nyanya zisioze. Pengo langu lilizibwa kwa sababu lisingezibwa wangeanguka. Shida iliyobaki ni moja tu, kwamba nimerudi na mahali pangu pamezibwa.

YA MFUKONI NA YA ZAHANATI

Mtaani wanaamini kila aliyefika Lubumbashi amerudi na madini kwenye soksi. Siku ya kwanza nilipokea wageni 9, na 6 kati yao walikuwa na shida ya haraka. Ukweli ni kwamba posho ya utingo inaliwa njiani: chakula, maegesho, maji ya kuoga, vocha ya kupiga nyumbani kusema "tupo foleni". Nilikuwa na vitenge viwili vya Kongo na laki tatu na ushee.

Jumamosi usiku nilizimwaga zile pesa kwenye mkeka, mke wangu akaleta daftari la genge, tukahesabu vyote pamoja, changu na chake, pamoja na deni la duka na zamu yake ya mchezo. Hapo nikajua kitu ambacho simu ya miezi 7 haikuniambia: mwezi wa nne walipitisha siku mbili kwa uji. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ungefanya nini na wewe uko Serenje?"

Halafu kuna lile ambalo watu wa magari hatupendi kuliongelea. Usiku mmoja, taa imeshazimwa, akaniambia kwa upole, "Baba, Jumatatu twende zahanati tukapime. Wote wawili." Sikuuliza kupima nini. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogunduliwa Kagera 1983, barabara kuu na vituo vya malori vimebeba jina baya, na kila dereva na utingo analibeba jina hilo, awe kafanya au hajafanya. Wako wanaume wakiambiwa hivyo wanawaka moto: "Kwani umenionaje?" Mimi nilijiuliza, huyu mwanamke amelala na hofu hiyo peke yake usiku mingapi? Na ameamua kuitoa kwa adabu namna hii, halafu mimi nipige kelele?

Tangu 2019 sheria inaruhusu mtu kujipima mwenyewe, lakini sisi tulitaka kukaa benchi moja. Tulikaa karibu saa nzima tukingoja kuitwa, na nakwambia kweli, tangu nirudi hatukuwa tumeongea kama tulivyoongea pale. Tuliongea habari ya mtoto, ya mama yake, ya mto wa maji niliouona Zambia, ya siku zile mbili za uji. Majibu yalikuwa mazuri, tukaambiwa turudie baada ya miezi 3. Tumesharudia.

NIPE JEMBE NAMI

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya kwanza nilipikiwa pilau. Siku ya pili samaki wa nazi. Siku ya tatu, ya nne, ya tano, nikisogea kubeba ndoo naambiwa, "Wewe pumzika." Nikishika ufagio, "Pumzika, umechoka na safari." Maneno matamu hayo, lakini ukiyasikiliza vizuri ni ya kumwambia mgeni. Mwenye nyumba haambiwi apumzike, anaambiwa taka zimejaa.

Basi usiku wa siku ya sita nikasema, "Mama, mimi nipe jembe." Akacheka, "Jembe la nini hapa Mbagala, utalima lami?" Nikamwambia nataka kazi, yoyote, ila iwe yangu, ambayo nisipoifanya itaonekana haikufanywa. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Saa 10 twende Stereo. Lakini ukichelewa sikungoji."

Kuchelewa? Mtu anayeamka saa 8 kukagua kuta? Nilikuwa wa kwanza kuvaa.

Pale Stereo nikakutana na barabara yangu. Matenga ya nyanya yanashushwa, nauliza yametoka wapi, naambiwa Ilula. Nilipaona hapo mara 8, kwenda na kurudi, wanawake wanakimbilia magari na ndoo za nyanya. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, hivyo hapo. Viazi kutoka Mbeya. Kumbe muda wote ule mimi na mke wangu tulikuwa kwenye barabara moja, mimi napita mwanzo wake, yeye anapokea mwisho wake, na hakuna aliyekuwa anajua. Yeye anabonyeza nyanya na kushusha bei kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani. Mimi nabeba, napanga, nafunga mzigo juu ya bajaji kwa fundo la lori, hauchezi hata kwenye mashimo. Kwa hiyo cheo hakikubadilika, mpenzi msomaji. Dereva ni yeye, utingo ni mimi.

Kutoka hapo mambo yakaanza kujisogeza. Alhamisi akaniachia genge aende kwenye mchezo wake. Wateja wakafika, "Mama yuko wapi?" Nikawauzia hivyohivyo. Mwenye nyumba akapita siku moja akaniuliza mimi habari ya bomba la uani. Binti yangu anakaa miguuni pangu anachezea maganda ya vitunguu, akichoka nambeba begani. Siku gani hasa aliacha kuniita mjomba siijui. Nilishtukia tu jioni moja analia mlangoni, "Baba, baba," kisa mbuzi kala mkate wake.

Zamani hapa Pwani mabaharia wa majahazi walikwenda na kurudi kwa pepo za msimu, kaskazi na kusi. Mke wa baharia alikuwa akiuangalia upepo, upepo ukigeuka anajua mume yuko njiani, anaanza kumtengea nafasi. Siku hizi hakuna upepo wa kuangalia. Kuna foleni ya Kasumbalesa, na foleni haina msimu. Kwa hiyo nafasi yako hakuna anayekuandalia. Piga simu wiki moja kabla uulize nini kimebadilika, nani anafanya kazi gani, mtoto anakula nini siku hizi. Ukifika usipange upya vyombo. Kaa, tazama, halafu omba kazi. Nanyi mliobaki nyumbani, msituue kwa "pumzika". Siku ya tatu tupeni ndoo.

Wiki iliyopita mzee, dereva wangu, alipiga simu. "Dogo, kuna mzigo wa Lubumbashi, tunatoka Alhamisi. Upo?" Pesa inatakiwa, hilo silifichi, maana kodi ya miezi 6 mingine inabisha hodi na genge halitoshi peke yake. Nikamwambia mke wangu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Akasema, "Kama unakwenda, nenda, hatutakufa. Ila unitafutie mtu wa kunibebea matenga, maana nimeshakuzoea."

Nimesoma miaka 11, nimesafiri nchi tatu, sijawahi kusikia maneno ya mapenzi kuliko hayo. Mzee nimemwambia nitampigia.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda. Sasa niacheni nikalale, saa 10 nakwenda Stereo na huyu dereva wangu hamngoji mtu.